Filta ya Dizeli: Maji, Hewa na Kopo la Zamani

Filta ya mafuta ya gari la dizeli ina kazi mbili, na inayofahamika zaidi ndiyo nyepesi. Kuzuia uchafu, hilo kila dereva analijua. Kutenganisha maji na dizeli ndiko kunakookoa pampu na nozeli, kwa kuwa vyuma vya ndani ya pampu havipati oili ya injini. Vinalainishwa na dizeli ileile inayopita kwenda kuchomwa. Maji yakifika pale vyuma vinasagana vikavu, na gari likilala siku chache kutu inashika sehemu ambazo zimechongwa kwa usahihi kiasi kwamba hata alama ya kidole inaonekana ni nene. Gharama ya kufufua pampu moja iliyoliwa na kutu inanunua filta za miaka mingi.

Maji hayazuiwi kwa matundu madogo peke yake. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, ya maji ni 1,000. Karatasi ya filta imetiwa dawa ya kukataa maji, hivyo matone yanakwama juu yake, yanaungana, yakinenepa yanashuka chini ya kopo. Huko yanasubiri yafunguliwe njia. Kopo likijaa na hakuna aliyefungua, maji hayana pa kukaa isipokuwa kupita. Taa ya njano yenye umbo la filta kwenye dashibodi inawaka kabla ya hatua hiyo, ila kwenye magari mengi ya umri mkubwa taa hiyo ilishakufa, au waya wake ulishakatwa na mtu aliyechoshwa nayo.

Mengi yaliyomo humu yanatokana na injini ya 1HZ, ambayo Toyota iliiingiza kwenye Land Cruiser mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Katika gereji ya magari ya watalii mjini Arusha ambako mwandishi alijifunzia ufundi mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu magari yote yalikuwa na injini hiyo. Chesisi zake zilikuwa zimekatwa na kurefushwa ili kuingiza viti zaidi. Yalitoka Arusha na matenki yaliyojaa, yakapanda ukingo wa Ngorongoro ulio takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, yakateremka Serengeti, na njiani yakaongezewa dizeli ya mapipa kambini. Yakirudi, filta zake zilikuwa zimeona kila kitu.

Jambo la kwanza lililofundishwa pale halikuwa namna ya kufungua filta bali mahali ilipo. Kwenye 1HZ hakuna pampu ndani ya tenki. Pampu ya nozeli yenyewe ina kifaa kidogo cha mapanga ndani kinachovuta mafuta kutoka tenkini, na filta imekaa katikati ya njia hiyo. Maana yake ni kwamba kuanzia tenki hadi pampu mafuta yananyonywa, na kuanzia pampu hadi nozeli yanasukumwa. Upande wa kusukumwa, nati ikilegea dizeli inatoka nje na kila mtu anaiona. Upande wa kunyonywa, nati ikilegea hakuna kinachodondoka wakati injini inaunguruma. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Takriban kila tatizo linaloitwa la filta, na kila kosa la kuifunga, linaeleweka kwa kanuni hiyo moja. Fundi asiyeijua hubadilisha vitu mpaka pesa ya mteja inakwisha.

Land Cruiser moja ililetwa ikiwa na malalamiko ya kawaida: kwenye tambarare inakwenda, mlimani haichanganyi, na ikifika karibu na ukingo wa kreta inakaribia kuzima. Gereji nyingine ilishabadilisha nozeli zote sita. Mkuu wa karakana hakushika spana. Alimwambia dereva akanyage mafuta hadi mwisho, yeye akasimama nyuma akiangalia bomba la moshi. Moshi mweusi ungemaanisha dizeli inafika kwa wingi na hewa ndiyo haitoshi, kwa hiyo angeanzia kwenye filta ya hewa. Hapakuwa na moshi. Injini isiyo na nguvu na isiyotoa moshi mweusi ni injini yenye njaa ya mafuta, na njaa hiyo huanzia huku kwenye kunyonywa.

Kisha likaja dumu. Dumu safi la lita 5 lenye dizeli lilifungwa juu ya bampa kwa kamba, paipu ikatoka humo moja kwa moja hadi kwenye pampu, na filta yenyewe ikarukwa. Dizeli ilikuwa imechujwa kabla, na jaribio lenyewe lilichukua dakika chache tu, maana gari halitakiwi kuendeshwa bila filta. Injini ikavuta kama mpya. Filta ikarudishwa, dumu likaunganishwa kabla yake, nguvu ikapotea tena. Hapo ndipo filta ilipohukumiwa. Ingekuwa nguvu imebaki, mshitakiwa angekuwa paipu za chini, au wavu wa ndani ya tenki. Jaribio hilo halihitaji mashine, na mtu yeyote mwenye dumu na paipu ya mita mbili anaweza kulifanya kabla hajatoa hela ya spea.

Dalili ya kuzidi mlimani haikuwa bahati mbaya. Mlimani injini inaomba mafuta mengi zaidi, na wakati huohuo hewa ya juu ni nyepesi. Kinachopandisha mafuta kutoka tenkini ni mgandamizo wa hewa ukiyasukuma kuelekea pale pampu ilipotengeneza ombwe. Kwa mita 2,300 mgandamizo huo ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Filta iliyoziba nusu inaweza kufichika Tanga na kujitangaza Ngorongoro.

Baada ya hukumu, filta ya zamani haikutupwa. Ilikatwa. Huu ndio ulikuwa utaratibu wa gereji ile, na ndio uliobaki na maana kuliko mwingine wowote, kwa sababu filta mpya inaponya tu kilichozibwa ila ya zamani inaeleza kilichoziba. Kopo lilimwagwa kwanza kwenye chupa ya kioo na kuachwa litulie: maji yanakaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yake unaonekana wazi kabisa. Kisha mdomo wa kopo ukakatwa kwa msumeno wa chuma, chenga za msumeno zikapanguswa zisichanganywe na ushahidi, na karatasi ikatandazwa juu ya bati kama akodiani iliyofunguliwa.

Unga wa kahawia ni kutu. Unatoka kwenye tenki au kwenye pipa, na filta mpya itaziba vilevile ndani ya wiki chache kama tenki halikushushwa na kusafishwa. Mchanga laini wa kijivu mara nyingi ni vumbi lililoingia wakati wa kujaza, kwa sababu ya mfuniko wa tenki uliochakaa mpira au pipa lililofunguliwa upepo ukivuma. Utelezi mweusi wenye harufu ya kuoza ni vijidudu. Vinaishi kwenye mpaka wa maji na dizeli, vinakula dizeli, na vinastawi kwenye magari yanayolala muda mrefu na maji tenkini. Maziwamaziwa ni maji yaliyochanganyika mno kutenganishwa. Vumbi linalong'aa kama pambo ndilo la kuogopa. Ukifikiri kwa haraka utasema haliwezi kuwa la pampu, kwa kuwa pampu iko baada ya filta. Lakini mafuta yanayozidi hurudi tenkini kwa paipu ya marejesho, na pampu inayojisaga inatuma chembe zake tenkini kisha zinanyonywa upya hadi kwenye filta. Mng'ao huo ni pampu inayoaga.

Kuna kisa ambacho karatasi haisemi chochote: filta ni safi na pampu imekufa. Mara nyingi hapo mafuta yalichakachuliwa. Mafuta ya taa yanachanganyika na dizeli kabisa, na hakuna karatasi ya kuyatenga. Yanapita, na kwa kuwa hayalainishi vya kutosha, pampu inasagika taratibu. Nchini Tanzania mchezo huo ulikuwa mkubwa wakati mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba vya kutambulisha uchakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa karibu na ule wa dizeli, faida ya kuchakachua ikayeyuka. Kenya ilifuata njia ya kufanana na hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa.

Kutafuta filta mpya kunaanza na namba, si na gari. Kumwambia muuzaji "nataka filta ya Hilux" ni kumwachia achague, maana Hilux zimekuwa na injini nyingi. Namba za spea za Toyota zina tarakimu na herufi kumi kwa jumla, tano kwa tano. Kopo la kuzungusha la 1HZ, ambalo pia linakaa kwenye Hilux za 2L na 3L, ni 23303-64010. Hilux Vigo haitumii kopo: inatumia karatasi ya ndani inayobadilishwa na kuacha nyumba yake, namba 23390-0L041, ambayo zamani iliandikwa 23390-0L010. Land Rover za 200Tdi na 300Tdi zinatumia AEU2147L. Asiye na namba aende na namba ya chesisi, na bora zaidi aende na filta ya zamani mkononi. Kufanana kwa uzi hakutoshi. Kuna makopo yanayozunguka na kuingia vizuri kabisa huku mpira wake ukiwa mpana au mwembamba kidogo kuliko kiti chake, na kanuni ya kunyonywa inamaliza hadithi: gari litawaka leo, kesho alfajiri halitawaka.

Feki ni nyingi Kariakoo kama zilivyo Kirinyaga Road, Nairobi, na boksi si ushahidi, kwani boksi ndilo rahisi kuliko vyote kughushi. Vitu vitatu vilitazamwa kaunta. Uzito, kwanza: kopo lenye karatasi kidogo ni jepesi, na mkono uliozoea unatambua. Pili, mikunjo ya karatasi inayoonekana kwa kurunzi kupitia matundu, iwe imepangika sawasawa na isiwe na gundi iliyomwagika. Tatu, uzi wa katikati na ukingo unaoshika mpira. Uzi wenye makucha ya chuma unamwaga chembe upande wa mafuta safi, ambako hakuna tena wa kuzikamata. Bei ikiwa theluthi ya kawaida, maelezo mengine hayahitajiki. Si lazima filta iwe na nembo ya Toyota. Kampuni zinazojulikana kwa filta, kama Denso, Mann au Sakura, zinatengeneza zinazofaa, ila nazo zinaghushiwa. Ulinzi mzuri kuliko wote ni duka moja linalorudiwa, lenye mwenyeji anayejua kwamba mteja wake huzikata filta za zamani.

Kabla ya kulegeza chochote, kichwa cha filta na eneo lote linaloizunguka huoshwa na kukaushwa. Hatua hii inarukwa mno, na vumbi la juu ya kichwa likianguka kwenye tundu la katikati linakwenda pampuni moja kwa moja. Chombo kinawekwa chini, soketi ya waya wa taa inachomolewa, skurubu ya chini ya kutolea maji inalegezwa na dizeli inamwagika. Kopo linazungushwa kwa mkanda wa filta. Njia ya kulitoboa kwa bisibisi na kuizungusha ibaki kwa lile lililogoma kabisa, kwani likichanika kabla ya kulegea kazi ya saa nzima inakuwa ya siku.

Likishatoka, kiti cha mpira juu kinapapaswa kwa kidole. Mpira wa zamani hupenda kubaki umeganda pale, na mpya ukifungwa juu yake inakuwa mipira miwili inayoteleza na kuvuta hewa. Kisha kihisi cha maji kinahamishwa kutoka chini ya kopo la zamani kwenda jipya, kikiwa na oringi mpya. Kwa kawaida oringi hiyo inakuja ndani ya boksi kwenye kipakiti kidogo cha nailoni, ambacho hutupwa pamoja na boksi na mtu mwenye haraka. Kihisi kinakazwa kwa mkono. Ni plastiki, na spana huipasua.

Mpira wa kopo jipya unapakwa dizeli safi, si grisi. Kama kopo litajazwa kabla ya kufungwa, basi dizeli imiminwe kupitia matundu madogo ya pembeni tu, ambayo ndiyo mlango wa mafuta machafu, ili ipite kwenye karatasi kabla ya kufika katikati. Ikimiminwa kwenye tundu kubwa la katikati kwa kuwa ndiyo rahisi, imeruka filta yote. Kopo linazungushwa hadi mpira uguse kiti, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Nguvu zaidi ya hapo haizuii hewa zaidi, inakunja mpira.

Halafu upepo unatolewa. Kichwa cha filta cha 1HZ kina pampu ya mkono juu yake, kitufe cha kubonyeza. Mwanzoni kinabonyea kirahisi, kinakwenda tupu. Kadiri mafuta yanavyopanda kinakuwa kigumu, na mwishowe kinakataa kidole gumba. Ugumu huo ndio ishara, si idadi ya mibonyezo. Kwenye Land Rover za Tdi kuna wenzo mdogo kwenye pampu ya mafuta na skurubu juu ya filta: skurubu inalegezwa, wenzo unapigwa mpaka povu liishe na dizeli itoke tupu bila mapovu, kisha inakazwa huku mafuta yakiendelea kutoka. Magari yenye pampu ya umeme tenkini yanatolewa upepo kwa kuwasha swichi bila kupiga selfu, kuzima, kuwasha tena, mara kadhaa. Selfu ipigwe kwa sekunde zisizozidi kumi na tano kisha ipumzishwe. Selfu zilizoungua kwa ajili ya hewa ndani ya filta ni nyingi kuliko inavyostahili.

Gari likiwaka na kuzima baada ya dakika moja, au likigoma kila asubuhi kisha likashinda vizuri mchana kutwa, hewa bado inaingia. Gereji ile ilikuwa na kipande cha paipu angavu, inayoonyesha ndani, kilichowekwa kati ya filta na pampu kwa uchunguzi. Mapovu yalionekana yakipita moja moja kama shanga. Kipande kikahamishwa kabla ya filta: yakiwapo pale pia, hewa inaingia chini, kwenye klipu za paipu za tenki au paipu iliyopasuka pale inapopinda. Yasipokuwapo, ni filta yenyewe au kichwa chake, na mara nyingi kuliko inavyodhaniwa ni mpira wa pampu ya mkono uliozeeka. Kitufe hicho hutumika mara chache kwa mwaka, na mpira wake hupasuka bila kumwambia mtu.

Injini za komoni reli, ambazo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja la shinikizo kubwa, zimebadilisha adhabu, si kanuni. Denso iliziingiza kwenye malori mwaka 1995, na Alfa Romeo 156 ikawa gari dogo la kwanza kuuzwa nazo mwaka 1997. Shinikizo la kizazi cha kwanza lilikuwa kama ba 1,350 na limepanda tangu hapo. Karatasi za filta zake huchuja chembe za maikroni chache tu, hivyo zinaziba mapema, na feki inaua haraka. Kopo au nyumba ya filta haijazwi kwa dumu hata kidogo: inafungwa tupu na kujazwa kwa pampu ya mkono au ya umeme. Desturi ya kulegeza nati za nozeli huku injini ikizungushwa ili upepo utoke, ambayo kwenye 1HZ ni ya kawaida, hapa ni hatari, kwa sababu mchirizi wa shinikizo hilo unapenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano na linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Kompyuta ikisoma P0087, yaani shinikizo la reli liko chini, filta na paipu za kunyonywa zichunguzwe kabla ya mtu kutaja bei ya pampu.

Vitabu vingi vinasema filta ibadilishwe kila kilomita 20,000. Kwa magari yanayokula vumbi na mapipa, 10,000 ni busara, na maji yafunguliwe kila wiki taa iwake isiwake. Tarehe na kilomita ziandikwe kwa kalamu nzito juu ya kopo lenyewe, si kwenye kitabu kitakachopotea. Kupulizia filta ya zamani kwa kompresa ili itumike tena ni kuitanua karatasi na kuyafungua matundu yake. Inapitisha mafuta vizuri baada ya hapo kwa sababu imeacha kuwa filta.

Wamiliki wengi wa magari ya safari huongeza kitenganishi cha maji cha ziada kabla ya filta ya kwanza, chenye bakuli la kuona. Kwa gari linalojazwa kwa mapipa ni fedha iliyotumika vizuri, maana dereva anaona maji kwa macho kila asubuhi. Kwa gari la mjini linalojaza kwenye kituo chenye mauzo makubwa hakina kazi, na kina gharama isiyoandikwa kwenye risiti: kinaongeza viungio vya paipu upande wa kunyonywa, na kila kiungio ni mlango mwingine wa hewa. Kikifungwa, kiwe chini na karibu na tenki, paipu zake ziwe za dizeli na si za maji, na klipu zikazwe tena baada ya wiki ya kwanza, mpira ukishatulia.